Birika la Blandina

Mzee Bakili Shomari aliamini kwamba Mungu alimpa pua ya kunusa mambo ya watu, na Chama kikampa ruhusa ya kuitumia. Alikuwa fundi cherehani, na alikuwa balozi wa nyumba kumi katika kipande kimoja cha Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, na kazi zote mbili alizifanya akiwa kwenye kiti kilekile. Cherehani yake ilikaa barazani, imegeuzwa upande ambao jua la asubuhi lilimpiga usoni, kwa sababu upande huo ndio uliomwezesha kuona kutoka msikitini hadi kona ya wauza mkaa bila kugeuza shingo. Chini ya meza aliweka daftari la wageni. Mgeni akilala usiku mmoja katika nyumba zake bila kuandikwa, Mzee Bakili aliumia kama mtu aliyeibiwa.

Mwaka ule Chama kilikuwa na jina jipya, na masika yalipoingia yaliingia na mambo mawili. Sukari iliadimika, na kipindupindu kikafika mjini. Kati ya hayo mawili, lililomnyima Mzee Bakili raha ni la sukari. Kipindupindu kina Bwana Afya wake, alisema, ana pampu yake ya dawa na lori lake. Lakini mlanguzi ni nani wa kumkamata, kama si balozi?

Na kama kulikuwa na mlanguzi katika nyumba kumi zile, basi hakuwa mbali. Ng'ambo ya barabara, karibu kiasi cha kurushiana salamu, palikuwa na duka la Melkiori, Mchaga wa Rombo ambaye mtaa mzima ulimwita Mangi. Melkiori aliuza chumvi, mafuta ya taa, viberiti, na sukari siku mgawo ulipofika. Kosa lake kubwa machoni pa Mzee Bakili lilikuwa kwamba hakuwahi kukamatwa na kosa lolote. Kusini alikotoka yeye, mtu msafi kiasi hicho huulizwa anakoogea.

Melkiori alikuwa na binti mmoja, Blandina, wa kidato cha sita, msichana mrefu mwenye maneno machache. Tangu akiwa darasa la saba alikuwa amesema atakuwa daktari, na watu wa mtaa, kwa utani kwanza na baadaye kwa mazoea, wakamwita hivyo. Daktari, umetoka shule? Daktari, mwambie baba yako atupimie chumvi. Baba yake naye alikuwa ametoa hukumu yake mbele ya wateja: wakimchukua kusomea udaktari, atamsomesha hata kwa kuuza mizani, wasipomchukua, atakaa nyuma ya mizani hiyohiyo hadi apate mume.

Jumatatu moja mchana Blandina alivuka barabara akiwa na karatasi iliyokunjwa ndani ya kitabu.

"Shikamoo, baba balozi."

"Marahaba. Leo shule hakuna?"

"Tumetoka mapema. Nimekuletea fomu."

Fomu ilikuwa ya wanafunzi wachache wa sayansi ambao wangechukuliwa moja kwa moja kusomea udaktari, bila kungoja ile miaka miwili ya kazi ambayo wengine wote walipaswa kuifanya kwanza. Mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kujaza sehemu yake, kwa wino wa bluu na sifa tele. Chini ilibaki mistari minne mitupu: maoni ya balozi juu ya tabia ya mwombaji. Kabla ya Ijumaa fomu zote zilitakiwa ziwe zimegongwa muhuri kwenye tawi la Chama na kuondoka.

"Iache," alisema Mzee Bakili. "Tabia ya mtu haiandikwi mbiombio."

Blandina aliiacha, akashukuru, akaondoka. Vidole vyake viliacha harufu ya sabuni ya dawa kwenye karatasi. Mzee Bakili aliinusa mara mbili. Msichana wa dukani ananawa kwa sabuni ya dawa, anaosha nini?

Maana ukweli ni kwamba alikuwa amekwisha kumwekea jicho. Kwa wiki tatu alimwona akitoka nyuma ya duka la baba yake akiwa na birika la bati, limefunikwa kanga, analibeba kwa mikono miwili. Asubuhi kabla ya shule, mchana baada ya shule, na tena kabla ya magharibi. Aliingia nyumba ya pili, akakaa, akatoka. Aliingia nyumba ya tatu. Wakati mwingine alikuwa na vijikaratasi vilivyosokotwa kama vile vya kufungia binzari, lakini vikubwa zaidi. Na Mzee Bakili alipoingia kwenye ua wowote kati ya hizo nyumba, mazungumzo yalikatika kama uzi mbovu. Wanawake waliinamia masufuria yao. Mmoja angesema, "Karibu, balozi, mvua hii nayo," na wote wangeanza kuisema mvua.

Tena kulikuwa na jambo la Siwema. Siwema alikuwa mpangaji wa nyumba ya tatu, mkaanga maandazi, mwanamke wa sauti kubwa. Siku moja saa nne asubuhi alitolewa nje akiwa amejifunika kanga gubigubi, akapakiwa kwenye teksi. Aliyemshika mkono alikuwa Blandina. Mzee Bakili aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani.

"Siwema anakwenda wapi?"

"Harusini, mzee. Bagamoyo," alijibu Blandina, na mlango wa teksi ukafungwa.

Harusi gani hiyo ya kwendwa bila hina, bila begi, na bila kelele, na mwendaji ni Siwema? Mzee Bakili alichukua daftari lake akaandika: Siwema, Bagamoyo, harusi. Kisha akatia alama ya kuuliza, kubwa.

Hakuna ambaye angeweza kusema kwamba hakuwaonya. Mwanzoni kabisa mwa ugonjwa, mabalozi wote waliitwa kwenye semina Mnazi Mmoja. Waliambiwa kwamba mtu yeyote atakayehara na kutapika lazima aripotiwe siku hiyohiyo. Atachukuliwa kupelekwa kambini, nyumba itapulizwa dawa na kufungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Akifa atazikwa na watu wa afya, ndani ya mfuko, kwa chokaa. Ndugu hawataosha wala hawatakafini. Mzee Bakili alirudi na maneno hayo nyumba kwa nyumba, kifua mbele, na kila ua alimalizia kwa maneno yale yale: atakayefichwa nitamwandika, na aliyemficha nitamwandika chini yake.

Siku hiyo alimaliza kwake. Mkewe, Bi Sabaha, alikuwa amejilaza kitandani mchana kweupe. Alisema ni Alhamisi, amefunga sunna, na jua limemchosha.

"Umesikia niliyosema huko nje?" alimuuliza.

"Nimesikia, baba Zamzam. Sauti yako inafika."

"Sitanii. Hata wewe ningekuandika."

Bi Sabaha alijigeuza akatazama ukutani. Mzee Bakili alikwenda kula kwa mama ntilie, akiwa ameridhika na nafsi yake. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi alipeleka taarifa tawini: nyumba kumi, wagonjwa hakuna. Katibu wa tawi, Ndugu Leodegar, alimsifu mbele ya mabalozi wengine. Huko Jangwani maji yalikuwa yamejaa hadi madirishani na watu walikuwa wanabebwa kila siku. Kwa Bakili, hakuna. Alidhani ni kwa sababu ya ukali wake.

Jumanne, siku moja baada ya kupokea fomu, aliamua kumaliza ubishi. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini yeye alitaka kuonja. Alimngoja Blandina katikati ya barabara, akamsimamisha birika likiwa mikononi.

"Humo mna nini, mwanangu?"

"Maji, mzee."

"Ya nani?"

"Ya kunywa tu."

"Basi nimebahatika. Nina kiu."

Msichana alisita. Kule kusita Mzee Bakili alikuona na kukutia mfukoni. Kisha Blandina alifunua kanga, akamimina kidogo kwenye kifuniko, akampa. Mzee Bakili akanywa.

Yalikuwa matamu. Sukari ilikuwa mle, hapana shaka, sukari ambayo yeye balozi hakuiona kwenye chai yake kwa siku tisa. Halafu nyuma ya utamu kulikuwa na chumvi, kidogo, kama ya machozi. Alirudisha kifuniko, akasema ahsante, akarudi kwenye kiti chake akiwa na hakika kuliko alivyowahi kuwa na hakika ya jambo lolote duniani.

Siri yote ilimfungukia palepale, na aliistaajabia. Wapekuzi hupekua magunia, hupekua mifuko, hupekua hata majeneza. Nani amewahi kupekua birika? Mangi anaiyeyusha sukari, binti anaipitisha mbele ya macho ya serikali, mnunuzi akifika nayo chumbani anaiweka jikoni, maji yanakwenda zake na sukari inabaki chini ya sufuria. Na chumvi? Chumvi ni ya kumpoteza mwonjaji. Kwa miaka thelathini Mzee Bakili alikuwa amewashonea watu mifuko ya siri ndani ya makoti, na hakuwahi kufikiri mfuko wa maji. Elimu ya kidato cha sita, alijiambia, ndiyo inayotumika hivi.

Hakulala na jambo. Jumatano alichukua kalamu, akaandika kwenye mistari minne, kwa herufi alizozichonga moja moja: Mwombaji anashirikiana na baba yake kufanya magendo ya sukari. Ni msiri na si mkweli. Hafai kukabidhiwa maisha ya wananchi. Alitia sahihi. Alhamisi asubuhi aliipeleka tawini mwenyewe, ndani ya bahasha, akamkabidhi Ndugu Leodegar mkononi. Alipokuwa anarudi alikutana na Blandina kwenye kona ya wauza mkaa, amevaa sare ya shule.

"Mzee, ile fomu…"

"Nimeipeleka."

"Ahsante sana, baba balozi. Mungu akubariki."

Mzee Bakili aliitikia amina. Lazima isemwe kwamba neno lile lilimkwaruza kidogo, lakini alikuwa na njaa, na alidhani ni njaa.

Alikuta nyumbani hakuna mtu. Bi Sabaha alikuwa uani kwa jirani. Sauti yake ilisikika. Mzee Bakili alikwenda kwenye mtungi wa maji, na juu ya kifuniko cha mtungi palikuwa na daftari la shule, jembamba, lenye jalada la kijani. Jina juu yake: Blandina Melkiori, Kidato cha VI, Bayolojia. Moyo wake ulipiga kwa furaha. Hakujiuliza daftari lile lilitafuta nini ndani ya nyumba yake. Mwindaji akikuta nyayo hajiulizi zimeingiaje kwenye shamba lake, anafuata tu.

Hakukuwa na bayolojia yoyote. Kulikuwa na tarehe, na chini ya kila tarehe majina ya watu wake wa nyumba kumi, na mbele ya kila jina vijiti vimechorwa, vitanovitano, kama watu wanaohesabu debe za mahindi. Siwema, vijiti kumi na sita, kisha mstari mwekundu. Mtoto wa nyumba ya pili, saba. Mzee Awadhi, fundi saa wa nyumba ya tano, mtu wa swala tano, vijiti vinane. Hata Awadhi ananunua sukari ya magendo! Mzee Bakili alifunua kurasa nyuma, akitafuta ilipoanzia, akaifikia Alhamisi ya semina ya Mnazi Mmoja. Palikuwa na jina moja tu. Bi Sabaha. Vijiti kumi na moja.

Alikaa juu ya kigoda. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na yeye, fundi wa nguo, alikuwa ameitumia methali hiyo kwa watu wengi, bila kudhani kwamba siku moja ingekuja kuketi nyumbani kwake. Mkewe wa ndoa ya miaka ishirini na sita. Alipoingia Bi Sabaha na ungo mkononi, alimkuta amelishika daftari kama hakimu.

"Mama Zamzam. Vipimo kumi na moja vya sukari ulivipeleka wapi?"

Bi Sabaha alitazama daftari, akamtazama yeye. Aliweka ungo chini taratibu.

"Sukari gani?"

"Usinifanye mtoto. Jina lako hili hapa. Kumi na moja."

"Hiyo si sukari," alisema Bi Sabaha. "Hizo ni safari zangu za chooni."

Mzee Bakili alirudi kuvihesabu vile vijiti.

"Siku ile uliyokwenda Mnazi Mmoja sikuwa nimefunga," aliendelea mkewe. Hakupandisha sauti, alisema kama mtu anayetaja bei. "Tangu alfajiri nilikuwa naharisha maji matupu. Siwema ndiye aliyeniokota mlangoni mwa choo. Akamwita huyu mtoto kwa sababu sote tunamwita daktari, na siku hiyo hatukuwa na daktari mwingine wa kumwita. Akasema mwalimu wao amewafundisha: maji yaliyochemka, sukari, na chumvi isiyozidi ya machozi, unywe kila ukitoka chooni. Hakwenda shule, akakaa na mimi kutwa nzima anahesabu, ulipoingia wewe akapenyea uani. Sukari katoa kwenye mgawo wa kwao, na baba yake anajua. Mara ya kumi na moja ikakata. Tangu hapo akienda shule daftari huniachia mimi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuja ukaniambia mwenyewe."

Uani mtu alikuwa anatwanga.

"Nilikuwa nimelala pale nakusikiliza unavyotangaza," alisema Bi Sabaha. "Mfuko. Chokaa. Nikawa najiuliza, Zamzam atatoka Tandika aje kuniosha, akute nimekwisha kufukiwa na watu nisiowajua? Ndipo ukaingia ukasema hata mimi. Sasa nikuulize, baba Zamzam, maana sikukuuliza siku ile. Ungeniandika?"

Mzee Bakili alitaka kusema hapana. Lilikuwa neno jepesi, na mwanamume mwingine angelisema. Lakini alijijua, na mkewe alimjua zaidi. Alitazama vidole vyake.

"Na Siwema?" aliuliza badala yake.

"Alivuka mstari. Mtoto amesema akifika kumi na tano, au macho yakiingia ndani, ni hospitali, hakuna mjadala. Akampeleka yeye mwenyewe. Huko wakasema Siwema anatoka Kigamboni, ili watu wasije kutufungia hapa. Anarudi Jumapili. Kwa hiyo hakuna harusi, kama ulikuwa unangoja pilau."

Watu kumi na tatu, aliwahesabu kwenye kurasa. Wagonjwa kumi na tatu katika nyumba kumi ambazo yeye aliziandikia hakuna. Pua yake haikuwa imemdanganya. Palikuwa na siri mtaani, tena nene. Walimficha yeye tu. Alikuwa mtu pekee wa Narung'ombe ambaye mgonjwa aliogopa kumwona kuliko alivyoogopa ugonjwa. Aibu ilimshika hadi masikioni, na nyuma ya aibu ikaja hofu, kwani alikumbuka bahasha.

Alikwenda tawini nusu anakimbia, na daftari la kijani akiwa amelichomeka chini ya shati. Ndugu Leodegar alikuwa mezani, mbele yake fomu zimepangwa, muhuri umekaa juu ya rundo kama mkaa uliozimika. Alikuwa kijana wa kutoka Songea, mwenye suti ya Chama iliyoshonwa na Mzee Bakili mwenyewe.

"Ndugu katibu, ile fomu ya binti wa Melkiori. Naomba niirudishe."

"Imegongwa. Gari linakuja saa tisa."

"Nilikosea. Nataka kuandika upya."

Leodegar aliitoa fomu, akaisoma tena mistari minne, polepole. Kisha akaegemea kiti.

"Asubuhi umeniletea kwamba hawa ni walanguzi. Sasa hivi, haijafika hata adhuhuri, wamekuwa watu wema. Umegundua nini, mzee?"

Jibu lilikuwa chini ya shati, limemgandia tumboni kwa jasho. Angelitoa, Blandina angetakata kwa sukari, na hapohapo angechafuka kwa kuficha ugonjwa. Lori la dawa lingefika Narung'ombe kabla ya alasiri. Siwema angefuatwa hospitali aulizwe Kigamboni yake iko wapi. Na jina la kwanza kwenye daftari lilikuwa la mkewe.

"Sikugundua kitu," alisema. "Niliandika uongo."

"Uongo? Kwa nini?"

"Kwa chuki. Simpendi baba yake."

Leodegar alimtazama kwa muda. Jicho lile Mzee Bakili alilijua vizuri. Ndilo aliloliweka yeye juu ya watu kwa miaka minane, na hakuwahi kujua lina uzito gani upande wa pili.

"Mangi kakupa kilo ngapi?" aliuliza Leodegar kwa upole.

"Hajanipa kitu, ndugu katibu."

"Balozi mzima. Kwa sukari."

Mzee Bakili aliinama. Mtu akisingiziwa jambo ambalo yeye mwenyewe amelizoea kumsingizia mwenzake, hana pa kupeleka mashtaka. Katibu hakuwa na fomu nyingine. Alimpa kalamu, akamwambia apige mstari juu ya maneno yake, aandike pembeni kwamba ameyafuta, atie sahihi. Mzee Bakili alipiga mstari. Akapiga wa pili, lakini Leodegar akamzuia: hati ya serikali haichafuliwi, mstari ni mmoja. Chini ya mstari ule mmoja maneno yalisomeka yote, magendo na msiri na hafai, kwa sababu alikuwa ameyachonga vizuri.

Mwezi uliofuata nyumba kumi zilipewa balozi mwingine, Kasmir, fundi viatu, mtu wa kusahau majina. Mzee Bakili alikabidhi daftari la wageni pamoja na alama zake zote za kuuliza. Lile la kijani lilikuwa limerudi juu ya mtungi siku ileile, na asubuhi yake halikuwapo. Watu walisema alihongwa sukari, na yeye aliacha waseme. Bi Sabaha alijua, na kwa muda mrefu hakusema lolote, ila siku moja alimwekea chai yenye sukari, akaondoka kabla hajamuuliza imetoka wapi.

Jibu la fomu lilikuja mwezi wa nane. Blandina alivuka barabara na kusimama mbele ya cherehani. Hakuwa amefika barazani pale tangu Aprili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Tuliitwa kwenye usaili. Walinionyesha fomu. Wakaniuliza kwa nini balozi wangu aliandika hivi kisha akafuta."

Mzee Bakili aliuacha mguu wake ukining'inia juu ya kanyagio. "Ukawaambiaje?"

"Niliwaambia sijui."

Alikuwa anajua. Bi Sabaha alikuwa amekwisha kumweleza kila kitu. Angeweza kuliambia jopo lile la watu wazima kwamba alitibu wagonjwa kumi na tatu kwa birika la bati, na labda wangemkumbatia, na labda wangemwita polisi. Hakuijaribu bahati hiyo kwa migongo ya watu wengine.

"Wamechukua wenzangu wanne," alisema. "Mimi nikitoka jeshini nifanye kazi kwanza miaka miwili, tabia yangu iangaliwe. Baba anasema miaka miwili ni mingi. Anasema mizani ipo."

Mzee Bakili alipokuja kulitoa neno nisamehe, msichana alikuwa amekwisha kuvuka barabara. Alitamani msichana angemtukana. Tusi lingekuwa na mwisho.

Vuli ziliponyesha, kipindupindu kilirudi. Ilikuwa wiki mbili kabla ya mtihani wa kidato cha sita, na kila mtu mtaani alimwona Blandina dirishani kwao, vitabu mbele yake. Alfajiri ya Jumamosi moja Mzee Bakili aliamka tumbo likinguruma. Hadi jua linapanda miguu yake haikuwa na nguvu ya kumfikisha uani bila kushika ukuta. Bi Sabaha alimlaza, akamfuta uso.

"Nimwite?"

Hakuuliza nani. Alitazama boriti za dari.

"Ataniandika," alisema.

"Ndiyo. Ndivyo anavyotibu."

Blandina alikuja na birika lake, limefunikwa kanga ileile. Aliamkia, akaitikiwa kwa sauti ndogo. Alinawa mikono kwa sabuni ya dawa, akaibana ngozi ya mgongo wa mkono wa mzee, akaiachia, akaangalia inavyorudi. Kisha akamimina kikombe, akamshikia kichwa anywe. Matamu, na nyuma yake chumvi. Mzee Bakili aliyanywa yote macho yakiwa yamefumba.

Alipoyafumbua, msichana alikuwa ameketi kwenye kigoda, daftari la kijani limefunguliwa magotini, penseli mkononi.

"Tangu alfajiri umekwenda mara ngapi, mzee?"

Nje, balozi Kasmir alikuwa anapita akisalimia watu. Sauti yake ilisikika inakaribia, inavuka, inakwenda.

"Nne," alisema Mzee Bakili.

Penseli haikushuka. Blandina hakubisha, wala hakumtazama Bi Sabaha kumuuliza. Alikaa tu anamwangalia, kama yeye mzee alivyokuwa akiwaangalia wageni waliosema wamefika jana, na akangoja.

"Tisa," alisema mzee.

Blandina akachora vijiti tisa, kimoja kimoja, akamjazia kikombe cha pili.